Jinsi Maabara Inavyopima Ufyonzaji wa Sukari Katika Utumbo wa Mtoto

Katika sura iliyopita ulijifunza kwamba chakula husagwa kinywani, huchanganywa na majimaji makali tumboni, kisha huingia katika utumbo mwembamba. Ulijifunza pia kwamba chakula hakiufai mwili mpaka kipite katika ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Kazi hiyo ya kupitisha chakula ukutani huitwa ufyonzaji.

Sasa mfikirie mtoto mmoja wa miaka miwili. Nyumbani kwao chakula kipo. Anakunywa uji na maziwa, na mama yake humlisha kwa uangalifu. Hata hivyo anaharisha mara kwa mara, tumbo lake limejaa hewa, na kila anapopimwa katika mizani ya kliniki uzito wake hauongezeki. Mstari katika kadi yake, ambao ungepaswa kupanda, umelala. Bibi yake anasema kwamba maziwa ndiyo yanayomdhuru, kwa hiyo aachishwe. Jirani anasema kwamba ni minyoo. Shangazi yake anasema kwamba mtoto halishwi vya kutosha. Nani kati yao asemaye kweli?

Wote watatu wanampenda mtoto, lakini wote watatu wanakisia. Mtoto akinyimwa maziwa bila sababu, atakosa chakula kizuri cha kuujenga mwili wake. Akiendelea kupewa maziwa mengi na hali utumbo wake hauyawezi, atazidi kuharisha na kudhoofika. Kwa hiyo kukisia hakutoshi. Inafaa kupima.

Lakini utumbo umo ndani ya mwili, nasi hatuwezi kuuona. Tutajuaje kama unafanya kazi yake? Katika sura hii utajifunza jinsi wataalamu wa maabara wanavyoitumia sukari kuwaletea habari kutoka katika utumbo wa mtoto.

Sukari ndogo na sukari kubwa

Tusemapo sukari, watu wengi hufikiri juu ya ile tunayotia katika chai. Katika sayansi, hata hivyo, kuna sukari za aina nyingi. Nyingine ni ndogo sana. Hizo ni glukosi, fruktosi na galaktosi. Glukosi ndiyo sukari inayotembea katika damu yako na kukupa nguvu za kukimbia, kusoma na kufikiri.

Sukari nyingine ni kubwa zaidi. Kila moja imefanywa kwa sukari ndogo mbili zilizoshikana, mfano wa shanga mbili zilizofungwa pamoja. Zitazame hapa:

Sukrosi = glukosi + fruktosi. Hii ndiyo sukari ya miwa tunayotia katika chai.
Laktosi = glukosi + galaktosi. Hii ndiyo sukari ya maziwa.
Maltosi = glukosi + glukosi. Hii hupatikana wanga wa ugali, wali au muhogo unapomeng'enywa.

Katika mililita 100 za maziwa ya ng'ombe mna gramu 5 hivi za laktosi. Katika mililita 100 za maziwa ya mama mna gramu 7 hivi. Unaona, basi, kwamba mtoto mchanga hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kutoka katika laktosi.

Milango ya ukuta wa utumbo hupitisha shanga moja moja tu. Shanga mbili zilizofungwa pamoja haziwezi kupita. Ni lazima zikatwe kwanza. Vitu vinavyofanya kazi hiyo ya kukata huitwa vimeng'enya. Kila kimeng'enya kina kazi yake. Kimeng'enya kinachokata laktosi huitwa laktasi. Kile kinachokata sukrosi huitwa sukrasi. Laktasi haiwezi kukata sukrosi, wala sukrasi haiwezi kukata laktosi.

Ukuta wa utumbo mwembamba

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Ukuta wake wa ndani si laini kama ukuta wa mpira wa baiskeli. Umejaa vijidole vidogo sana, ambavyo kwa kawaida urefu wake hauzidi milimeta 1. Vijidole hivyo huufanya ukuta uwe na eneo kubwa la kufyonzea chakula. Jaribio lifuatalo litakusaidia kuelewa faida yake.

*Jaribio la kwanza*

Vifaa: kipande cha taulo kuukuu, kipande cha kanga kuukuu chenye ukubwa uleule, beseni la maji na bilauri mbili zinazolingana.

1. Tumbukiza vipande vyote viwili katika maji. Hesabu mpaka ishirini.
2. Kitoe kila kipande na ukiache kichuruzike mpaka maji yasidondoke tena.
3. Kamua taulo ndani ya bilauri ya kwanza, na kanga ndani ya bilauri ya pili.
4. Linganisha maji yaliyomo katika bilauri hizo mbili.

Umeona nini? Bila shaka umeona kwamba taulo limetoa maji mengi zaidi. Lishike na ulitazame kwa karibu. Lina nyuzi nyingi ndogo zilizosimama, na kanga haina. Utumbo wenye afya ni kama taulo jipya. Vijidole vyake vikiharibika na kulala, utumbo huwa kama taulo lililochakaa, ambalo halifyonzi vizuri.

Ni nini kinachoweza kuviharibu vijidole? Vijidudu vinavyoletwa na maji machafu na mikono isiyonawiwa huweza kuviharibu. Kuharisha mara nyingi huweza kuviharibu pia. Watoto wachache wana ugonjwa uitwao seliaki. Kwa hao, sehemu fulani ya ngano ndiyo inayosababisha vijidole kuharibika. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, alieleza jambo hili katika maandishi yake ya mwaka 1950. Tangu hapo watoto wengi wenye ugonjwa huo wamepona kwa kuacha tu vyakula vya ngano na nafaka za jamii yake.

Kumbuka pia kwamba laktasi hukaa kwenye vijidole, hasa karibu na ncha zake. Kwa hiyo vijidole vinapoumia, laktasi hupungua upesi kuliko vimeng'enya vingine, nayo huchelewa kurudi. Ndiyo maana mtoto aliyeugua kuharisha huweza kushindwa na maziwa kwa muda, ingawa hapo awali alikuwa akiyanywa vizuri. Hata hivyo, ukuta wa utumbo hujijenga upya kila baada ya siku chache. Vijidole vikipona, laktasi hurudi.

Sukari isiyofyonzwa huenda wapi?

Sukari inayobaki ndani ya utumbo haikai kimya. Kwanza, huyavuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza katika utumbo. Kinyesi huwa majimaji, na mtoto huharisha. Pili, sukari hiyo hufika katika utumbo mpana, ambamo wanaishi bakteria wengi mno. Bakteria hao huila sukari na kutoa gesi na asidi. Gesi hulijaza tumbo, na asidi huweza kuichubua ngozi ya mtoto mahali anapojisaidia.

Sasa unaweza kuifahamu njia inayotumiwa na maabara. Mwalimu akiwatuma wanafunzi 20 bustanini, kisha akawakuta 5 tu huko, atauliza, "Wale 15 wako wapi?" Maabara hufanya vivyo hivyo. Hutuma ndani ya utumbo kiasi cha sukari kinachojulikana, kisha huitafuta mahali ilikofika.

Ikiwa sukari imefyonzwa, itaonekana katika damu, na sukari za namna fulani zitaonekana baadaye katika mkojo. Ikiwa haikufyonzwa, itaonekana katika kinyesi, au gesi yake itaonekana katika pumzi. Basi mahali pa kutafuta ni pane: damu, mkojo, pumzi na kinyesi.

Kupima katika damu

Mtoto hupelekwa hospitalini asubuhi kabla hajala. Hupimwa uzito, kwa kuwa kiasi cha sukari atakachopewa hutegemea uzito wake. Muda wa kukaa bila kula huamuliwa na daktari kwa kuufuata umri wa mtoto. Mtoto mchanga hafungishwi kwa muda mrefu.

Mtaalamu huchukua damu kidogo na kupima glukosi iliyomo. Kisha mtoto hunyweshwa laktosi iliyokorogwa katika maji, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito wake, lakini zisizidi gramu 50. Mtoto wa kilo 20 hupewa gramu 40. Baada ya hapo damu hupimwa tena kila baada ya nusu saa, mpaka zitimie saa mbili.

Kwa nini tunapima glukosi na hali mtoto amekunywa laktosi? Fikiri kidogo kabla ya kuendelea kusoma. Laktosi ikikatwa na laktasi hutoa glukosi na galaktosi. Glukosi hiyo ikifyonzwa, glukosi ya damu itapanda. Ikiwa haikupanda, huenda laktosi haikukatwa.

Utazame mfano huu wa hesabu. Tarakimu ni miligramu za glukosi katika mililita 100 za damu.

Mtoto A: kabla ya kunywa 80, nusu saa 105, saa moja 112, saa moja na nusu 104, saa mbili 98.
Mtoto B: kabla ya kunywa 82, nusu saa 86, saa moja 90, saa moja na nusu 87, saa mbili 85.

Glukosi ya Mtoto A imepanda kutoka 80 hadi 112, yaani imeongezeka kwa 32. Glukosi ya Mtoto B imepanda kutoka 82 hadi 90, yaani imeongezeka kwa 8 tu. Wataalamu hutumia mpaka wa miligramu 20. Ongezeko lisilofika 20 huonyesha kwamba huenda laktosi haikumeng'enywa vizuri. Daktari atataka pia kujua kama Mtoto B aliharisha au aliumwa tumbo baada ya kunywa.

Kipimo cha namna hii kimetumika pia kuwachunguza watu wa sehemu zetu. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2007, wanasayansi walioongozwa na Sarah Tishkoff walieleza uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walitaka kujua kwa nini watu wengi wa jamii za wafugaji huendelea kuwa na laktasi hata wakiwa watu wazima, na hali kwa watu wengi duniani laktasi hupungua baada ya utoto. Walikuta kwamba sababu yake ni mabadiliko madogo katika urithi wa mwili, ambayo wazazi huwarithisha watoto wao.

Sukari ya mti

Iko sukari moja iitwayo zailosi. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mti, kwa sababu sukari hiyo hupatikana katika mbao. Zailosi ina sifa mbili zinazoifaa maabara. Kwanza, ni sukari ndogo, kwa hiyo haihitaji kukatwa na kimeng'enya chochote. Pili, mwili huitumia kidogo tu, na sehemu kubwa ya zailosi iliyofyonzwa hutolewa na figo pamoja na mkojo.

Kwa hiyo zailosi hutuambia habari za ukuta wenyewe. Mtoto mdogo hunyweshwa gramu 5 za zailosi katika maji. Baada ya saa moja damu yake hupimwa. Ukuta ukiwa mzima, zailosi katika damu kwa kawaida hufika miligramu 20 au zaidi katika mililita 100. Ikiwa ni chini ya hapo, daktari hushuku kwamba vijidole vimeharibika.

Kwa watu wazima zailosi hupimwa pia katika mkojo uliokusanywa kwa saa tano. Kwa watoto wadogo njia hiyo ni ngumu. Je, unaweza kueleza kwa nini? Mtoto mdogo hawezi kuambiwa angoje chombo. Mkojo ukimwagika hata mara moja, hesabu yote huharibika.

Kipimo cha zailosi kilitumika sana katika miaka ya 1970. Siku hizi hutumika kwa nadra, kwa kuwa vipo vipimo vingine vya damu, na madaktari wanaweza kuutazama utumbo kwa mpira mwembamba wenye taa.

Njia nyingine hutumia vitu viwili kwa pamoja, kimoja kidogo na kingine kikubwa. Kidogo huitwa manitoli, na kikubwa huitwa laktulosi. Ukuta mzima hupitisha manitoli na kuizuia laktulosi, kama chujio la chai linavyopitisha maji na kuyazuia majani. Chujio likitoboka, majani nayo hupita. Kadhalika, laktulosi ikionekana kwa wingi katika mkojo, tunajua kwamba ukuta unavuja. Mwaka 1991 ilichapishwa taarifa ya watoto wachanga wa Gambia, Afrika ya Magharibi, waliopimwa kwa njia hiyo. Ilionekana kwamba watoto ambao ukuta wa utumbo wao ulivuja zaidi ndio ambao ukuaji wao ulidumaa zaidi.

Kupima katika pumzi

Kipimo hiki hakihitaji sindano. Seli za mwili wako hazitengenezi gesi ya haidrojeni. Ni bakteria wa utumboni wanaoitengeneza, hasa wanapokula sukari isiyofyonzwa. Sehemu ya gesi hiyo huingia katika damu, hupelekwa katika mapafu, kisha hutoka pamoja na pumzi.

Mtoto hupuliza katika mfuko maalumu kabla ya kunywa sukari. Kisha hunywa sukari inayopimwa, na hupuliza tena kila baada ya nusu saa kwa muda wa saa tatu hivi. Mtoto mchanga ambaye hajui kupuliza hufunikwa kifuniko laini puani na mdomoni, na pumzi yake ikakusanywa. Haidrojeni ikiongezeka kwa sehemu 20 au zaidi katika sehemu milioni moja za hewa, ni dalili kwamba sukari haikufyonzwa.

Siku moja kabla ya kipimo mtoto haruhusiwi kula maharage. Bakteria hupenda pia vitu vilivyomo katika maharage, na gesi yao ingetuchanganya.

Kupima katika kinyesi

Kipimo hiki ni cha bei nafuu, nacho huwafaa watoto wachanga wanaoharisha. Hutumia dawa ya Benedict, ambayo ni kimiminika cha buluu chenye chumvi ya shaba. Ilitengenezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mmarekani Stanley Benedict. Dawa hii ikipashwa moto pamoja na glukosi, fruktosi, galaktosi, laktosi au maltosi, hubadilika rangi. Sukari ikiwa kidogo, rangi huwa ya kijani. Ikizidi, huwa ya manjano, kisha ya machungwa. Ikiwa nyingi sana, huwa nyekundu kama tofali.

*Jaribio la pili (litafanywa na mwalimu mbele ya darasa)*

Vifaa: dawa ya Benedict, neli tatu za kioo, sufuria ya maji ya moto, asali, sukari ya chai na maji.

1. Koroga asali kidogo katika maji. Katika chombo kingine koroga sukari ya chai katika maji.
2. Tia dawa ya Benedict kiasi kilekile katika kila neli.
3. Katika neli ya kwanza ongeza matone 8 ya maji ya asali. Katika ya pili ongeza matone 8 ya maji ya sukari. Katika ya tatu ongeza matone 8 ya maji matupu.
4. Simamisha neli zote katika maji ya moto kwa dakika tano.

Tazama rangi na uziandike katika daftari lako. Neli ya asali hubadilika na kuwa nyekundu kama tofali, kwa kuwa asali ina glukosi na fruktosi. Neli ya maji hubaki buluu. Neli ya sukari ya chai pia hubaki buluu! Sukrosi haibadilishi rangi ya dawa hii mpaka kwanza ikatwe, kwa mfano kwa kuchemshwa pamoja na asidi. Mtaalamu asiyelijua jambo hili angeweza kusema, "Hapa hamna sukari," kumbe imo tele.

Katika maabara mtaalamu huchukua majimaji ya kinyesi yaliyo mabichi, huyazimua kwa maji, kisha huyapima kwa njia hiyo. Lazima afanye upesi. Kinyesi kikikaa, bakteria wataila sukari iliyomo, na jibu litakuwa la uongo.

Sukari, chumvi na maji

Elimu ya ufyonzaji wa sukari imeokoa watoto wengi mno. Mwaka 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, mwanasayansi wa Marekani Robert Crane alieleza kwamba glukosi na chumvi hupita pamoja katika mlango mmoja wa ukuta wa utumbo. Zikipita, maji huzifuata.

Mwaka 1971 ugonjwa wa kipindupindu uliwashambulia wakimbizi huko Bangaon, nchini India, karibu na mpaka wa nchi ambayo leo ni Bangladesh. Wagonjwa kama 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji yenye glukosi na chumvi wayanywe. Vifo vikapungua hata kuwa chini ya 4 katika kila 100.

Leo dawa hiyo hutolewa katika pakiti katika zahanati. Pakiti ikikosekana, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kurundika. Sukari ikizidi huvuta maji kuingia utumboni, na mtoto huharisha zaidi. Ndiyo maana soda haifai kumpa mtoto anayeharisha. Mpe mtoto maji hayo ya sukari na chumvi njiani, huku mkimpeleka zahanati.

Mara chache hutokea mtoto anayezidi kuharisha sana kila anaponyweshwa dawa hiyo. Hapo kinyesi chake hupimwa. Kikionekana kina glukosi nyingi, daktari anajua kwamba utumbo umeumia hata unashindwa kufyonza glukosi. Mtoto huyo hupewa maji kwa njia ya mshipa mpaka utumbo upate nafuu.

Baada ya kupima

Sasa tumrudie yule mtoto wa miaka miwili. Tuseme kwamba choo chake kilitazamwa kwa hadubini, na hapakuonekana minyoo. Kipimo cha pumzi kikaonyesha kwamba laktosi haifyonzwi. Je, bibi alisema kweli? Alikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini maziwa siyo yaliyouanza ugonjwa. Utumbo uliumia kwanza kwa kuharisha, na laktasi ikapungua.

Daktari hasemi, "Mwachisheni maziwa maisha yake yote." Husema maziwa yapunguzwe kwa muda, yapikwe pamoja na uji, au apewe maziwa ya mgando. Bakteria wanaoyagandisha maziwa huwa wamekwisha kuila sehemu ya laktosi. Mtoto huongezewa vyakula vingine, na familia hufundishwa kuchemsha maji na kunawa mikono. Baada ya majuma kadhaa hupimwa uzito tena. Na mtoto anayenyonya asiachishwe ziwa la mama kwa sababu ya kuharisha.

Kipimo chenyewe nacho huweza kukosea. Mtoto akitapika sukari aliyonyweshwa, au tumbo lake likichelewa kuipitisha, jibu halitakuwa sahihi. Jina likibandikwa katika chupa isiyo yake, mtoto mmoja atatibiwa ugonjwa wa mwingine. Kwa hiyo mtaalamu mwema huandika jina, saa na kiasi bila kubahatisha, na daktari hulitazama jibu pamoja na mtoto mwenyewe.

Mambo ya kukumbuka

1. Sukari kubwa hukatwa na vimeng'enya kabla ya kufyonzwa.
2. Vijidole vya utumbo huongeza eneo la kufyonzea chakula.
3. Sukari isiyofyonzwa huvuta maji, huleta gesi na husababisha kuharisha.
4. Maabara huitafuta sukari au dalili zake katika damu, mkojo, pumzi na kinyesi.
5. Tusimnyime mtoto chakula kwa kukisia. Tumpeleke akapimwe.

Maswali

1. Laktosi imefanywa kwa sukari gani mbili?
2. Kwa nini taulo lilitoa maji mengi kuliko kanga katika jaribio la kwanza?
3. Mtoto ana uzito wa kilo 12. Akipewa gramu 2 za laktosi kwa kila kilo, atakunywa gramu ngapi?
4. Glukosi ya mtoto huyo ilikuwa 76 kabla ya kunywa. Baadaye ilikuwa 83, 88, 84 na 80. Iliongezeka kwa kiasi gani ilipofika juu kabisa? Je, mpaka wa 20 umefikiwa?
5. Haidrojeni iliyo katika pumzi hutengenezwa na nini?
6. Kwa nini neli ya sukari ya chai ilibaki buluu katika jaribio la pili?
7. Eleza kwa nini kinyesi kipimwe kikiwa kibichi.
8. Waulize wazazi au walezi wako humpa mtoto chakula gani anapoharisha. Andika majibu yao, kisha mjadiliane darasani ni yapi yanayokubaliana na mliyojifunza.